Jinsi ya kuchagua ndege ya doria ya mpakani: mwongozo kutoka Mombasa

Aprili 2014, manowari ya Australia HMAS Darwin ilisimamisha jahazi maili 27 hivi za baharini mashariki ya Mombasa. Mabaharia wake wakapekua na kutoa kilo 1,032 za heroini zilizofichwa kati ya mifuko ya saruji. Maili 27 za baharini ni kilomita 50, yaani karibu kuliko safari ya barabara kutoka Mombasa mjini hadi Kilifi. Mzigo ule ulikuwa mlangoni petu, na waliounasa walikuwa wageni.

Tangu hapo mengi yamefanyika. Huduma ya Walinzi wa Pwani ya Kenya iliundwa kwa sheria ya 2018 na kuzinduliwa Liwatoni, Mombasa, Novemba mwaka huohuo. Lakini boti peke yake, hata ikiwa nzuri namna gani, huona mpaka pale upeo wake unapoishia, na upeo wa boti ni mfupi. Ndiyo maana kila bajeti ya ulinzi wa mipaka inapojadiliwa suala la ndege ya doria hurudi mezani.

Mwongozo huu ni wa yeyote atakayekaa kwenye kamati ya kuchagua ndege hiyo, na pia wa mwandishi wa habari, mwanafunzi wa mambo ya bahari au mwananchi anayetaka kuuliza maswali yenye uzito pesa zake zinapotumika. Jambo moja nalishikilia kutoka mwanzo mpaka mwisho: hununui ndege, unanunua saa za kukaa juu ya mahali penye shughuli, ukiwa na macho yanayoona na boti inayoitika. Kila hatua hapa chini inapima hilo.

Hatua ya 1: Andika kazi kabla hujataja jina la ndege

Kamati nyingi huanza na picha. Mtu amekuja na kabrasha lenye ndege inang'aa, na mjadala unageuka kuwa ipi ni nzuri kuliko ipi. Yafunge makabrasha. Chukua karatasi na ueleze mpaka wenyewe.

Kwa upande wetu mpaka una sura tatu. Kusini kuna Vanga, Jimbo na Shimoni, mbele yake Pemba, na mikoko iliyojaa bandari bubu ambazo mashua huzifikia vizuri zaidi maji yakiwa ya bamvua. Kaskazini kuna visiwa vya Lamu mpaka Kiunga, halafu Somalia, na nyuma yake msitu wa Boni. Halafu kuna nchi kavu: Lunga Lunga na Taveta, ambako ukiacha kituo rasmi kuna njia za panya pande zote mbili.

Kwa kila sura andika: tunatafuta nini? Saa ngapi, msimu gani? Tukikiona, nani atakwenda kukikamata, na atafika baada ya muda gani? Majibu hayatafanana. Sukari ya magendo inayopita kichakani usiku kwa pikipiki inataka chombo kidogo, kimya, chenye kamera ya joto. Jahazi lililotoka pwani ya Makran (Iran na Pakistani) na kutega nje ya maji ya Kenya likisubiri boti ndogo zije kupokea mzigo linataka rada ya masafa marefu na saa nyingi angani. Meli ya uvuvi haramu iliyoko maili 120 nje inataka masafa zaidi ya vyote.

Ongeza na kazi za pembeni, kwa sababu ndege ya shughuli nyingi inanunuliwa ili ifanye zote: kutafuta mashua iliyopotea wakati wa kusi, kubeba mgonjwa kutoka Kiunga, kuangalia mafuta yaliyomwagika karibu na Kilindini, kuhesabu tembo. Lakini zipange kwa umuhimu na uandike kwa wino kwamba kazi ya kwanza ni ipi. Ndege yenye viti vinavyofungwa na kufunguliwa ni kishawishi kikubwa. Mwaka haujaisha utakuta vihisi (rada na kamera) viko stoo na ndani wamekaa wakubwa wakienda kwenye mkutano. Weka kikomo cha saa za usafiri kwenye hati ya matumizi tangu siku ya kwanza, na jina la afisa atakayewajibika kikivukwa.

Hatua ya 2: Pima umbali, kisha ugeuze umbali kuwa muda

Kutoka uwanja wa Moi, Mombasa, mpaka Vanga ni maili 44 hivi za baharini kwa mstari ulionyooka. Mpaka Kiunga ni kama 178. Ukingo wa ukanda wa kiuchumi, yaani bahari ambayo nchi ina haki ya rasilimali zake, uko maili 200 kutoka pwani. Ndege inayokwenda noti 160, yaani maili 160 za baharini kwa saa, inatumia saa moja na dakika saba kufika Kiunga, na muda uleule kurudi. Saa mbili na robo zimeliwa kabla hujafanya kazi yoyote.

Hapa ndipo sheria inapoingia, na wanunuzi wengi huipita bila kuigusa. Ibara ya 111 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 inaruhusu nchi ya pwani kufukuza chombo kilichovunja sheria zake mpaka bahari kuu. Ndege inaweza kuanzisha msako huo, lakini kwa masharti. Lazima iwe ya kijeshi, au iwe na alama za wazi kwamba iko kwenye kazi ya serikali na ina mamlaka hayo. Amri ya kusimama lazima itolewe kwa ishara inayoonekana au kusikika, chombo kikiwa karibu kiasi cha kuiona au kuisikia. Na ndege iliyotoa amri lazima iendelee kufukuza yenyewe, bila kukatiza, mpaka boti au ndege nyingine ya nchi hiyo iliyoitwa ifike na kupokea msako. Kukiona tu kwa mbali hakutoshi kukikamatia nje ya maji ya nchi. Na kikishaingia bahari ya mamlaka (territorial sea) ya nchi yake au ya nchi nyingine, haki ya kufukuza imekwisha.

Sasa fanya hesabu. Jahazi liko maili 40 nje, boti inatoka Liwatoni kwa noti 20: saa mbili. Likiwa maili 100 na bahari ya kusi imeilazimisha boti kupunguza hadi noti 15, ni karibu saa saba. Ndege yako inaweza kukaa juu ya chombo hicho kwa muda huo? Kama haiwezi, unahitaji ndege ya pili ya kupokezana, au boti ziwekwe mbele zaidi. Na ukiwa upande wa Vanga, ambako maji ya Tanzania yako hatua chache, huna saa mbili za kusubiri. Huko boti iwe Shimoni tayari, au usihesabu kukamata.

Nambari unayoitoa kwenye hatua hii, yaani saa za kukaa juu ya eneo baada ya kuondoa safari ya kwenda na kurudi, ndiyo itakayoamua mambo mengine yote. Iandike kwenye ukurasa wa kwanza wa maelezo ya zabuni.

Hatua ya 3: Chagua macho kwanza, ndege baadaye

Rada ndiyo inayotafuta, kamera ndiyo inayotambua. Ukinunua kamera nzuri bila rada ya baharini, opereta atachungulia bahari nzima kupitia tundu dogo mpaka achoke.

Upeo wa rada hutegemea urefu: zidisha kipeuo cha pili cha futi kwa 1.23 upate maili za baharini. Kwa futi 1,000 ni maili 39, kwa futi 5,000 ni 87, kwa futi 10,000 ni 123. Hizo ni za meli kubwa ya chuma. Boti ya faiba ya mita saba yenye injini moja nyuma hurudisha mwangwi mdogo sana, na kusi ikivuma kwa nguvu mawimbi yenyewe hujaza kioo vidoa. Usikubali muuzaji akupe masafa ya kuona meli ya mizigo. Muulize: boti ya faiba ya mita saba, mawimbi ya mita mbili, unaiona kutoka maili ngapi? Akijibu kwa maneno mengi bila nambari, umeshapata jibu.

Mfumo wa AIS ni rahisi na lazima uwepo. Meli za tani 300 na zaidi za jumla zinazosafiri kimataifa, na meli zote za abiria, zinatakiwa kubeba kifaa hicho kinachotangaza jina na mahali zilipo. Kompyuta ya ndege ikilinganisha vidoa vya rada na majina ya AIS, kilichobaki bila jina ndicho cha kuchunguzwa. Tatizo ni kwamba majahazi, mashua na ngalawa zetu hazibebi AIS, na hazitakiwi kubeba. Kaskazi ikiwa shwari, vidoa visivyo na jina kati ya Malindi na Lamu ni vingi mno, na karibu vyote ni watu wanaotafuta riziki. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kwenye kiti cha opereta akae mtu anayeijua bahari hii, anayeweza kutofautisha kwa mbali jahazi la mizigo la Lamu na la kigeni, na anayejua wavuvi wa nyavu za kuzungushia huzitega wapi msimu gani. Mafunzo ya kubonyeza vitufe ni ya wiki chache. Ujuzi ule mwingine mtu hukua nao, na Mombasa, Kwale na Lamu zimejaa vijana walio nao.

Kamera ya joto ina mambo yake hapa. Machi bahari inafika nyuzi 28 au 29, na mtu aliyelowa maji ndani ya boti anakaribiana nayo joto. Kinachoonekana vizuri ni injini. Alfajiri na magharibi, vitu na maji vinapofikia joto moja, picha hufifia kabisa kwa muda. Tena unyevu wa hewa yetu unameza joto njiani. Kwa masafa marefu kwenye hewa ya unyevu, kamera zinazopokea mawimbi ya joto ya urefu wa mikromita 3 hadi 5 kwa kawaida hufanya vizuri kuliko zile za 8 hadi 12, kwa hiyo taja unachotaka kwenye zabuni badala ya kuandika tu "kamera ya joto". Na kwenye Boni kumbuka kwamba hakuna kamera ya joto inayopenya majani. Ukiambiwa inapenya, mtu ametia chumvi.

Redio ndicho kitu kinachosahaulika kila mara. Redio ya kawaida ya ndege huzungumza kati ya megahezi 118 na 137. Mabaharia wako kwenye VHF ya baharini, wakisikiliza chaneli 16 ambayo ni megahezi 156.8. Ndege isiyo na redio ya baharini inaweza kuzunguka juu ya boti ya walinzi wa pwani kutwa nzima wasiweze kusemezana. Weka redio ya baharini, redio ya polisi, na kipokezi cha vifaa vya dharura vya megahezi 406 na 121.5. Picha nazo zifike chini moja kwa moja, Liwatoni na kwenye kituo cha kanda cha uratibu wa uokoaji baharini kilichopo Mombasa tangu 2006. Uliza kiungo cha kupeleka picha hizo kinafanya kazi umbali gani bila setilaiti, na setilaiti inalipiwa na nani kila mwezi.

Hatua ya 4: Ipandishe kwenye mizani

Hapa ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Kabrasha litasema ndege inaruka saa saba. Hiyo ni ndege tupu yenye rubani mmoja na matangi yamejaa.

Tuchukue mfano wa hesabu, nambari za kuelezea tu. Ndege inaweza kubeba kilo 1,400 za watu, vifaa na mafuta kwa pamoja. Rada na antena yake kilo 110. Kamera na meza ya opereta 120. Redio na kiungo cha picha 40. Watu wanne wa kilo 90 ni 360. Boya la uokoaji, makoti na maji ya kunywa 60. Jumla 690. Umebaki na kilo 710 za mafuta. Ndege inakunywa kilo 180 kwa saa, na akiba ya dakika 45 ni kilo 135 usizozigusa. Kilo 575 zilizobaki zinakupa saa tatu na dakika kumi hivi. Toa saa mbili na robo za kwenda na kurudi Kiunga. Juu ya Kiunga una chini ya saa moja.

Ndege ileile ikielekea Vanga inakaa zaidi ya saa mbili na nusu. Kwa hiyo haifai kusema ni nzuri au mbaya: inafaa kusini, kaskazini haifai mpaka iwe na kituo cha mafuta Manda, uwanja wa ndege wa Lamu. Fanya hesabu hii kwa kila ndege iliyoko mezani, ukitumia uzito halisi baada ya vihisi kufungwa, na umtake mtengenezaji atie sahihi.

Hatua ya 5: Sasa zitazame ndege

Cessna 208B Grand Caravan ina injini moja ya turbini, PT6, bawa liko juu kwa hiyo kutazama chini ni rahisi, inatua kwenye viwanja vya vumbi, na faida yake kubwa kwetu ni kwamba Kenya inaijua. Uwanja wa Wilson, Nairobi, umejaa Caravan, na umejaa mafundi wake. Udhaifu ni injini hiyo moja. Ikizima ndege iko futi 10,000, itateleza maili 20 hivi za baharini, na zaidi ya hapo ni majini. Kwa mpaka wa nchi kavu, mikoko na maji ya karibu, naichagua bila wasiwasi. Kuipeleka maili 80 nje usiku ni kuchezea kamari maisha ya wafanyakazi.

King Air 350 ina injini mbili, hupanda juu ya hali mbaya ya hewa, na aina yake ya ER hubeba mafuta ya ziada. Idara ya forodha na ulinzi wa mipaka ya Marekani iliichukua kuwa ndege yake ya shughuli nyingi, ikaifunga rada ya baharini na kamera, ikiwa pamoja na Dash 8 na P-3 za masafa marefu. Bawa lake liko chini, kwa hiyo mtazamaji wa dirishani haoni vizuri. Nayo inataka lami nzuri. Lakini kwa ukanda wa kiuchumi na kwa safari za Kiunga moja kwa moja ndiyo inayojibu ile nambari ya hatua ya 2.

Katikati yao kuna Dornier 228 na Twin Otter, zote injini mbili na bawa la juu. Majirani zetu wa bahari moja, Shelisheli na Morisi, wanaruka Dornier 228 walizopata India. Itafaa sana kamati isafiri Victoria na Port Louis ikaulize mafundi, si mabalozi: kipuri huchukua muda gani kufika, na chumvi imeanza kula wapi?

Diamond DA42 na DA62 za doria ni ndogo, injini mbili za dizeli zinazotumia Jet A-1, kimya, na zinakunywa kidogo mno kiasi kwamba saa moja yake haikuumizi. Hazibebi boya la kuangusha wala mgonjwa. Kama fedha ni chache, mbili za aina hii zinazoruka kila siku zitaona mengi kuliko kubwa moja inayosubiri vipuri. Tahadhari ni kwamba ndege za petroli ya ndege, ile avgas, ziepukwe hapa pwani. Ukae na Jet A-1, mafuta yanayotumiwa na ndege zote za abiria uwanja wa Moi.

Helikopta ni nzuri kwa kuteremsha askari na kuokoa, lakini saa zake ni ghali na chache. Si chombo cha kutafuta.

Droni zina nafasi yake pia, chini ya kanuni za Kenya za 2020. Ndogo inayorushwa kutoka boti ikachungulia ndani ya mikoko ya Vanga ni msaada mkubwa. Kubwa ya kuruka kutwa nzima inataka kituo, wafanyakazi na njia ya angani isiyogongana na ndege za watalii wa Ukunda na Manda. Usidanganywe kwamba kwa kuwa haina rubani ndani basi haina watu. Ina watu, wamekaa chini tu.

Hatua ya 6: Chumvi, mafundi na hanga

Ndege inayofanya kazi chini chini juu ya bahari inavuta chumvi. Baada ya kila siku ya kazi ya namna hiyo mwili uoshwe kwa maji baridi (yasiyo na chumvi), na kompresa ya injini isafishwe kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoagiza. Maji ya kuoshea yawe safi kweli. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi, na kuoshea ndege hayo ni kuiongezea ugonjwa. Ndege ilale ndani ya hanga. Bei ya hanga, mtambo wa kusafishia maji na kipooza hewa cha chumba cha vihisi viingie kwenye bajeti pamoja na ndege, siyo "awamu ya pili", kwa sababu awamu ya pili tunaijua.

Uliza mafundi wanaofunga vihisi wana idhini gani kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na kama marekebisho ya kutoboa mwili wa ndege kwa ajili ya rada na kamera yana cheti kinachotambulika. Uliza pia kamera ikiharibika itatengenezwa wapi. Kamera bora nyingi ziko chini ya sheria za udhibiti wa mauzo za nchi zinakotengenezwa, na kuipeleka nje kutengenezwa kunaweza kuhitaji kibali kinachochukua miezi. Kwa hiyo nunua kamera moja ya akiba. Ni afadhali ukate ndege moja kwenye orodha kuliko kukosa akiba hiyo.

Ukitaka ndege moja iwe tayari kila siku, moja haitoshi. Moja itakuwa kwenye ukaguzi mkubwa siku ile unayoihitaji.

Hatua ya 7: Kununua, kukodi au kupewa

Frontex, wakala wa mipaka wa Umoja wa Ulaya, tangu 2017 inakodi ndege za doria: kampuni inaleta ndege, vihisi na marubani, inalipwa kwa saa, na picha zinakwenda moja kwa moja makao makuu. Njia hii inafaa kuanza nayo kwa miaka miwili au mitatu, kwa sababu inakufundisha unachohitaji kabla hujatumbukiza pesa za miaka 25. Masharti mawili yasiachwe: opereta na afisa wa sheria ndani ya ndege wawe wetu, na kila picha iwe mali ya serikali kuanzia dakika inayochukuliwa. Kumbuka pia ibara ya 111: ndege ya kukodi isiyo na alama za serikali na mamlaka ya maandishi itaona, lakini msako ikiuanzisha hautasimama mahakamani.

Ndege ya zawadi ipokelewe kwa shukrani na kwa maswali yaleyale. Nani analipia vipuri mwaka wa nne? Picha zinakwenda kwa nani mwingine? Inaruhusiwa kutumika kwa kazi gani?

Hatua ya 8: Ushahidi na haki za watu

Kumkamata mtu ni nusu ya kazi. Mahakama ya Shanzu, iliyofunguliwa 2010 kwa ajili ya kesi za uharamia, imetuonyesha jinsi mambo ya baharini yanavyochambuliwa mbele ya hakimu. Video iwe na saa, tarehe na latitudo iliyochapwa ndani yake, ihifadhiwe bila kuguswa, na anayeisimamia aweze kutoa cheti kinachotakiwa na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Mtake muuzaji aonyeshe faili inavyotoka kwenye ndege mpaka mkononi mwa mwendesha mashtaka. Wakili wa serikali awe ndani ya kamati ya uteuzi, si aitwe siku ya kesi.

Na kuna jambo linaloniuma. Wavuvi wa Lamu waliwahi kuzuiwa kuvua usiku kwa sababu za usalama, na nyumba nyingi zikalala njaa kwa sababu dola haikuwa na njia ya kumtenganisha mvuvi na mhalifu gizani. Ndege nzuri, yenye opereta anayejua bahari, ndiyo njia hiyo. Kwa hiyo kwenye vigezo vya kupima wazabuni weka hiki: uwezo wa kutambua chombo cha uvuvi usiku bila kukisimamisha. Picha za watu wasio na kosa zifutwe kwa muda uliopangwa, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inavyotutaka kufikiri. Halafu viongozi wa vikundi vya usimamizi wa fukwe, kutoka Vanga mpaka Kiunga, waelezwe ndege ni ya nini na namna ya kuiita wakiwa na shida. Mvuvi ambaye ndege hiyo ilimtafutia ndugu yake aliyepotea ndiye atakayepiga simu siku atakapoona jahazi geni.

Hatua ya 9: Jaribio, hapa, wakati wa kusi

Usikubali maonyesho ya jangwani wala ya ziwa tulivu. Wazabuni waliobaki waje Mombasa kati ya Juni na Agosti. Toa boti ya faiba ya mita saba, watu wawili, injini ya nguvu za farasi 40, iende mahali wazabuni wasipopajua kati ya Mtwapa na Watamu, usiku, taa zimezimwa. Mwombe kila mmoja aitafute, aitambue kutoka maili tano, aongoze boti ya walinzi wa pwani mpaka ubavuni mwake kwa chaneli ya redio mliyopanga, na kesho yake asubuhi alete faili ya ushahidi. Kwa usalama boti nyingine ikae karibu na boti hiyo muda wote. Asiyeiona aambiwe asante.

Aliyeshinda akishaleta ndege, fungua daftari la kila safari lenye safu tano: saa za kuruka, saa juu ya eneo, vyombo vilivyotambuliwa, boti ilifika au haikufika, na kesi ilifikia wapi. Lisomwe kila robo mwaka mbele ya walinzi wa pwani, polisi, forodha na wawakilishi wa wavuvi. Ikiwa safu ya boti imejaa "haikufika", pesa zinazofuata ziende kwenye boti za Shimoni, Kilifi na Kiunga kabla ya kufikiria ndege ya pili.